Tusiihofu breki ya mbele, tuitengeneze

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga imekuwa ngao ya wazembe kwa muda mrefu. Pikipiki ikimgonga mtoto wa shule kando ya barabara, umati hukusanyika, majeruhi hubebwa hobelahobela, na kabla vumbi halijatulia utamsikia mtu akiitamka methali hiyo kana kwamba ndiyo hukumu ya mwisho. Hakuna anayeinama kuitazama pikipiki yenyewe. Hakuna anayeuliza iwapo breki yake ya mbele ilikuwa ikifanya kazi.

Waama, msomaji mpenzi, neno ajali lina asili yake katika Kiarabu, ambako hurejelea muda aliokadiriwa mja kuishi duniani. Wahenga walikusudia kwamba siku ya mja ikiwadia hapana wa kuizuia. Hawakukusudia kamwe kwamba kebo iliyochakaa hadi ikabakia nyuzi mbili ni majaliwa ya Mola. Isitoshe, wahenga hao hao ndio waliotuusia kuwa tahadhari huja kabla ya hatari. Makala haya yanahusu tahadhari hiyo.

Bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvushia watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960. Baadaye pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli, na hasa baada ya mwaka wa 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki ambazo injini zake hazizidi ujazo wa 250cc, zikaenea mijini na vijijini mithili ya moto nyikani. Leo ndizo zinazompeleka mwalimu katika shule isiyofikiwa na matatu, ndizo zinazombeba mwanafunzi aliyechelewa, na ndizo zinazomkimbiza mama mja mzito zahanati usiku wa manane. Kwa hivyo, anayedhani kuwa breki ya pikipiki ni shughuli ya mafundi wa jua kali pekee hajatafakari ni nani hukaa kwenye kiti cha nyuma.

Wapo waendeshaji wengi wanaoamini kuwa breki ya mbele ni adui. Watakuambia kwamba ukiigusa utarushwa juu ya usukani na kujikuta umelala kifudifudi. Kwa sababu ya imani hiyo, baadhi yao huilegeza kebo makusudi ili wenzo wa breki usishike. Wengine huing'oa kebo kabisa na kubakia na breki ya nyuma peke yake. Matokeo yake ni kwamba breki ya mbele huharibika bila mwenyewe kufahamu, kwani kitu kisichotumika hakilalamiki. Siku ng'ombe anapokatiza barabara ghafla, mwendeshaji huufinya ule wenzo kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nao ukamjibu kwa kimya.

Dhana hiyo ni potofu, na sayansi inatuonyesha upotofu wake bayana. Chombo chochote kinapopunguza kasi, uzito wake huegemea mbele. Kila abiria wa matatu analijua jambo hili, maana dereva akikanyaga breki ghafla, abiria wote huinama kuelekea mbele kama waumini katika ibada. Katika pikipiki, uzito huo huligandamiza gurudumu la mbele barabarani, ilhali gurudumu la nyuma huwa jepesi. Gurudumu lililogandamizwa hushika barabara vyema zaidi, na lile jepesi huteleza upesi. Ndiyo sababu kwenye lami kavu breki ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha pikipiki, aghalabu takriban asilimia 70 au zaidi.

Tuchukue mfano ambao mwalimu wa fizikia anaweza kuuandika ubaoni. Pikipiki ya kilo 120 imembeba mwendeshaji wa kilo 70 na abiria wa kilo 70, jumla kilo 260. Ikiwa inakwenda kilomita 30 kwa saa, nishati yake ya mwendo ni takriban jouli 9,000. Ikiongeza kasi hadi kilomita 60 kwa saa, nishati hiyo haiongezeki maradufu tu. Hufikia takriban jouli 36,000, yaani mara nne. Nishati hiyo yote haina budi kugeuzwa kuwa joto na breki kabla pikipiki haijasimama.

Sasa tuseme breki zote mbili zinaipunguza kasi hiyo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Pikipiki itasimama baada ya mita 20 hivi. Breki ya nyuma peke yake, iwapo itafanya nusu ya kazi hiyo, itahitaji mita 40. Tusisahau kwamba katika sekunde moja ambayo mwendeshaji huitumia kung'amua hatari, pikipiki huwa imekwisha kupita mita 17. Zile mita 20 za ziada ndizo tofauti baina ya mtoto aliyepigwa na butwaa tu na mtoto aliyepigwa na pikipiki.

Je, hofu ya waendeshaji haina msingi wowote? Ina msingi mdogo. Breki ya mbele inaweza kumwangusha mtu ikiwa ataifinya kwa pupa, au akiifinya huku ameupinda usukani, au akiwa juu ya mchanga, changarawe na matope. Dawa yake ni mazoezi. Wenzo hufinywa kwa utaratibu, kwanza kwa wepesi ili uzito uegemee mbele, kisha kwa nguvu zaidi kadiri pikipiki inavyopunguza mwendo, nayo breki ya nyuma ikisaidia. Usukani huwa umenyooka. Barabarani penye utelezi, mkono huwa mwepesi zaidi na mwendo huwa wa pole tangu awali.

Lakini mazoezi hayawezi kufanywa kwa breki mbovu. Hebu basi tuichunguze breki yenyewe kama tabibu amchunguzavyo mgonjwa, kwa kuanza na dalili kabla ya kurukia dawa.

Pikipiki nyingi za bei nafuu zina breki ya mbele ya dramu. Mwendeshaji anapoufinya wenzo ulio upande wa kulia wa usukani, kebo huvutwa na kuuzungusha mkono mdogo wa chuma ulio kwenye gurudumu. Mkono huo huvisukuma viatu viwili vya breki, ambavyo vimefunikwa kwa tabaka la msuguano, navyo hujisugua kwenye ukuta wa ndani wa dramu. Aina ya pili ni breki ya diski. Hapa wenzo husukuma pistoni ya silinda kuu iliyo kwenye usukani, mafuta ya breki hupitisha kani hiyo kwenye mpira hadi kwenye kalipa, na pistoni za kalipa huzibana padi kwenye diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Wanafunzi watakumbuka kanuni ya Blaise Pascal, mwanazuoni Mfaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662: shinikizo katika kiowevu kilichofungiwa husambaa kwa usawa kila upande. Pistoni za kalipa zikiwa na eneo mara tano ya lile la pistoni ya silinda kuu, kani nayo huongezeka mara tano.

Dalili ya kwanza ya ugonjwa ni wenzo unaofika karibu na mshikio kabla breki haijashika. Katika breki ya dramu, sababu huwa kebo iliyorefuka au viatu vilivyolika. Ncha ya wenzo inapaswa kuwa na nafasi ya kuchezacheza. Kwa pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo ni kati ya milimita 10 na 20, ingawa kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Marekebisho makubwa hufanywa kwa nati iliyo mwishoni mwa kebo, kule chini kwenye gurudumu, na yale madogo kwa nati iliyo karibu na wenzo. Baada ya kukaza, gurudumu huinuliwa na kuzungushwa kwa mkono. Lisipozunguka kwa uhuru, breki imekazwa kupita kiasi.

Hata hivyo, kukaza nati si tiba ya viatu vilivyokwisha. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye ule mkono wa chuma na alama kwenye bamba la breki. Mshale ukifikia alama wakati breki imefinywa kikamilifu, viatu havina budi kubadilishwa. Wapo mafundi wa njia za mkato ambao, badala ya kubadilisha viatu, huung'oa mkono huo na kuurudisha ukiwa umegeuzwa kidogo ili kebo ipate kuvuta tena. Huo ni mchezo wa mauti. Kifaa cha ndani kinachovisukuma viatu kinaweza kuzunguka kupita mpaka wake kikakwama, na gurudumu la mbele likajifunga pikipiki ikiwa mbioni.

Dalili ya pili ni wenzo ulio mgumu lakini breki haishiki. Kwanza ichunguzwe kebo. Iangaliwe hasa pale inapoingia kwenye wenzo, kwani nyuzi huanza kukatika hapo moja baada ya nyingine. Kebo yenye uzi hata mmoja uliokatika haifai kusubiri juma lijalo. Ikiwa kebo ni nzima lakini ni kavu au imepindwa vibaya, nguvu za mkono huishia njiani. Ikiwa kebo haina hatia, tatizo limo ndani ya dramu. Huenda viatu vimeng'aa kama kioo kwa sababu ya joto, au vimeingiwa na grisi. Mng'ao mwepesi huweza kuondolewa kwa msasa, lakini viatu vilivyonyonya grisi au mafuta havioshwi vikapona. Hubadilishwa, na chanzo cha grisi hiyo kikatafutwa.

Hapa nataka kutoa onyo la kiafya. Vumbi lililomo ndani ya dramu halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Baadhi ya breki, hasa za zamani, zimetengenezwa kwa asbestosi, ambayo huleta maradhi ya mapafu na hata saratani. Vumbi hilo hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

Dalili ya tatu hupatikana katika breki ya diski. Ni wenzo unaobonyea kama sifongo. Hii ni ithibati kuwa hewa imeingia katika mafuta ya breki. Kiowevu hakibonyei kwa urahisi, ila hewa hubonyea. Nguvu za mkono hutumika kuibana hewa badala ya kuzisukuma padi. Tiba ni kuitoa hewa hiyo. Mpira mwembamba unaopenya mwanga hufungwa kwenye nati ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Wenzo hufinywa mara kadhaa kisha ukashikiliwa. Nati hufunguliwa kidogo, mafuta na hewa vikatoka, ikafungwa, na hapo ndipo wenzo huachiliwa. Atakayeuachilia wenzo kabla ya kufunga nati atairudisha hewa ndani. Zoezi hurudiwa hadi mapovu yatakapokoma, huku mafuta katika hifadhi ya juu yakiongezwa yasije yakaisha.

Mafuta yenyewe ni yale tu yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha hifadhi, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini hayatiwi asilani, kwa kuwa huharibu mipira ya ndani na breki ikafa yote. Mafuta ya breki vilevile hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya kufikia nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto kali, mafuta yaliyochoka yakachemka, mapovu yakazuka, na wenzo ukafika kwenye mshikio bila kushika chochote. Kwa hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na chupa iliyokaa wazi haifai kutumiwa.

Kiwango cha mafuta kikipungua, tusikimbilie kuongeza tu. Padi zinapolika, pistoni husogea nje na mafuta hushuka kuzifuata. Basi padi zikaguliwe kwanza. Zikiwa zimefikia mfuo unaoonyesha mwisho wake, zibadilishwe zote pamoja. Unene wa chini unaoruhusiwa wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa wenzo unazama polepole ukiendelea kushikiliwa, na hakuna mafuta yanayovuja popote, mpira wa ndani wa silinda kuu umeharibika, na hiyo ni kazi ya fundi aliyehitimu.

Dalili ya nne ni mtetemo unaousukasuka wenzo kila gurudumu linapozunguka. Husababishwa na diski iliyopinda, dramu iliyopoteza umbo lake la duara, au beringi za gurudumu zilizolegea. Dalili ya tano ni breki isiyoachia: gurudumu huwa zito, nalo huwa moto baada ya mwendo mfupi. Katika breki ya dramu, kebo imekazwa mno au imekauka, au springi za kuvirudisha viatu zimechoka. Katika breki ya diski, pistoni ya kalipa imekwama kwa uchafu, au vyuma ambavyo kalipa hutelezea vimekauka.

Lipo pia kosa ambalo huwafanya watu wanunue padi mpya kila mara bila nafuu. Mafuta ya shokomzoba za mbele yakivuja, hutiririka hadi kwenye diski na padi. Kubadilisha padi pasi na kuziba mvujo huo ni kupangusa sakafu ilhali paa linavuja.

Baada ya matengenezo, mambo matatu hayasahauliki. Kwanza, gurudumu la breki ya dramu linaporudishwa, sharti ulimi wa fomu ya pikipiki uingie katika mfuo wa bamba la breki. Usipoingia, bamba litazunguka pamoja na gurudumu na mwendeshaji atatupwa. Pili, baada ya kuweka padi mpya, wenzo hufinywa mara nyingi hadi uwe mgumu kabla ya pikipiki kuondoka. Mfinyo wa kwanza aghalabu haushiki kitu. Tatu, breki mpya hujaribiwa uwanjani, kwa mwendo wa polepole, wala si kwenye barabara kuu ukiwa umempakia abiria.

Najua lipo jibu litakalotolewa: mwendeshaji ni maskini, na pikipiki si yake. Kwa hakika vijana wengi huendesha pikipiki za matajiri, na jioni huwajibika kuwasilisha fedha walizoafikiana. Siku ya matengenezo ni siku isiyo na mapato. Lakini mwenye pikipiki anayedai hesabu yake kila jioni bila kuuliza hali ya breki ni mshirika katika kila ajali itakayotokea. Itakuwa busara siku ya matengenezo ihesabiwe katika makubaliano yao, kama mkulima anavyotenga siku ya kunoa jembe. Viatu vya breki na kebo ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa, na hakuna hospitali inayouunga mguu uliovunjika kwa bei ya kebo.

Mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Polisi nao hukagua leseni na kofia ya chuma, na ni vyema. Hata hivyo, afisa hawezi kusimama katika kila kijia. Mkaguzi wa kweli ni abiria mwenyewe. Kabla ya kupanda, mwombe mwendeshaji aufinye wenzo wa breki ya mbele huku akijaribu kuisukuma pikipiki. Gurudumu likizunguka, tafuta pikipiki nyingine. Jaribio hilo halichukui hata nusu dakika.

Nanyi walimu, mnayo maabara inayopita mbele ya lango la shule kila siku. Wenzo, msuguano, shinikizo katika viowevu, nishati na joto, vyote vimo katika breki moja. Mwendeshaji jirani akialikwa alasiri moja na pikipiki yake, wanafunzi watajifunza fizikia kwa macho na mikono, naye ataondoka akijua mambo ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Miongoni mwa wanafunzi hao wamo watakaokuwa waendeshaji, mafundi, polisi na wenye pikipiki. Afadhali wasikie leo, mbele ya ubao, kwamba breki ya mbele ni rafiki anayehitaji kutunzwa, kuliko kulisikia hilo kesho kutoka kwa daktari. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Na mdharau kebo, hata mguu huenda asibaki nao.